Mjumbe Asiye na Kikomo

Jumatatu, 2 Februari 2009

Seva imelala tena. Nimefika ofisini nikamkuta Daktari Kasiani amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Raheli, Mjumbe amekufa." Najua, Daktari. Hata mkoba sijauweka chini, najua.

Nimezima, nimewasha. Ameinuka. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi — kuzima na kuwasha. Miaka yote ile ya chuo kikuu!

Wazo lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Fredi, niliyesoma naye Dar, ndiye aliyeiandika hii programu akaiita Mjumbe. Kila zahanati ya kijijini ina kompyuta yake, sola na modemu. Nesi anaandika wagonjwa, anatuma, sisi huku Mtwara mjini tunaona wapi kuna nini. Daktari anatazama kioo cha kompyuta, anaamua gari la dawa liende wapi. Kiangazi kizima Mjumbe hakuugua hata mafua.

Sasa mvua zimekuja. Mto Ruvuma umefurika, visima vya Mahurunga vimeingiwa na maji ya mto, na kipindupindu kimefuata hukohuko. Na Mjumbe naye ndiyo kaona hiki ndicho kipindi cha kufa.

Joto. Feni inatuzungushia joto lilelile. Kwetu Njombe saa hizi watu wamevaa masweta.

Alhamisi, 5 Februari 2009

Nimeupata ugonjwa wake. Nadhani nimeupata.

Leo sikubanduka mbele ya seva. Nimeikodolea macho kama mama mwenye mtoto wa homa. Asubuhi memori imetulia. Kisha Mahurunga wakaanza kutuma — ikapanda. Mtandao ukakatika kule, wakatuma upya. Ikapanda. Ukakatika tena. Ikapanda zaidi, na haikushuka! Nikampigia Nesi Mwanahawa, ndiye mwenye zahanati ya Mahurunga. Akasema mvua ikianza tu mnara wa simu unazimika na kuwaka, kwa hiyo anatuma, inakatika, anatuma upya. Mara ngapi kwa siku? "Dada Raheli, mpaka kidole kinaota sugu."

Basi ni hivyo. Mjumbe akipokea ripoti haiweki chini mpaka iishe yote. Anaibeba kichwani. Ikikatika katikati haelewi kwamba imekatika — anaendelea kungoja na ule mzigo nusu. Inakuja nyingine, anajitwika. Na nyingine. Hakuna mahali Fredi amemwambia: hapa inatosha, kataa. Anabeba tu hadi shingo ivunjike.

Si virusi, si umeme, si panya waliokula waya kama alivyodhani Daktari. Ni wagonjwa wengi siku ya mvua. Siku anayohitajiwa ndiyo siku anayokufa.

Mchana nikafanya ukorofi. Nilimtumia ripoti moja isiyo na mwisho — sifuri, sifuri, sifuri, bila kukoma. Kompyuta yangu peke yake. Hata nywila hakuniuliza. Chai yangu haijapoa, Mjumbe kafa. Nikacheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka. Kama mimi naweza, mtu yeyote mwenye intaneti anaweza, akiwa amekaa kwake na miguu juu ya meza.

Ijumaa, 6 Februari 2009

Nilimwandikia Fredi jana. Kimya. Leo nimempigia. Kapokea kwa shangwe — binti wa Njombe, umeshamaliza samaki wa Mtwara? Nikamweleza. Shangwe ikapungua.

Akauliza nani hasa atatuma ripoti isiyo na mwisho. Manesi? Nikasema mvua inatosha. Akacheka. Ati niombe seva yenye memori kubwa zaidi. Fredi, gunia likiwa kubwa litachelewa kujaa tu, lakini litajaa! Akasema Machi Mjumbe anazinduliwa rasmi kwa ajili ya Lindi na Songea, wakubwa watakuja, huu si wakati wa kufumua kitu kinachofanya kazi.

Kinachofanya kazi!

Mwisho akashusha sauti. Akaniomba nisiwaandikie watu wengine habari hii. Hao watu wengine wapo: programu ameiweka bure mtandaoni na hata Malawi wameichukua. Mwenyewe ndiye aliyeniambia, mwaka jana, akijisifu.

Jumapili, 8 Februari 2009

Sikwenda kanisani. Lukasi, mume wangu, amekwenda peke yake, karudi na salamu za watu na muhogo wa kuchemsha. Kanikuta palepale aliponiacha, mezani, nimezungukwa na makaratasi ya programu. Hakugomba. Wiki nzima amekuwa bandarini, amechoka kuliko mimi. Akamenya muhogo, akanisogezea. Akauliza: kama Fredi hataki, seva si iko mezani kwako? Fanya mwenyewe.

Nikamwambia programu si yangu.

"Na wagonjwa je, ni wa Fredi?"

Jumanne, 10 Februari 2009

Nimefanya. Nimemwekea Mjumbe kikomo. Mambo mawili tu: ripoti ikinyamaza muda mrefu, itupwe, na ripoti ikizidi ukubwa fulani, ikataliwe hapohapo kabla haijamjaza.

Ukubwa upi? Hapo nilikaa kidogo. Nikatazama ripoti za mwaka mzima — ndogondogo, wagonjwa wachache wachache. Nikachukua ile kubwa kuliko zote, nikazidisha mara mbili. Nikajiona mkarimu.

Nikamtumia sifuri zisizo na mwisho. Akazikataa. Akaendelea na kazi zake kama hakuna kilichotokea! Nikamwita Daktari aje aone. Hakuelewa sana lakini alifurahi kwa sababu mimi nimefurahi. Katununulia soda wote.

Jumatano, 11 Februari 2009

Mvua tangu alfajiri. Mjumbe mzima. Nimelala mchana, sikuota kitu.

Jumamosi, 14 Februari 2009

Bado mzima. Kioo kinaonyesha Madimba wagonjwa wanaongezeka. Mahurunga hakuna mgonjwa mpya hata mmoja, tangu katikati ya wiki.

Daktari akasema kule kumepoa. Akaelekeza gari la dripu Madimba. Nilikuwa nimesimama naye mbele ya kioo. Nikasema, Mungu mkubwa.

Lukasi kaniuliza mbona leo naimba jikoni.

Jumatatu, 16 Februari 2009

Nesi Mwanahawa amepiga simu. Alipanda kilimani kutafuta mtandao, nasikia upepo na pumzi zake.

"Dada Raheli, mmetusahau?"

Nikasema hatujawasahau, tumeona kumepoa. Akasema, polepole kama anaongea na mtoto: "Nani kakwambia kumepoa?"

Mnara wao ulikuwa umezimika. Akawa anawaandika wagonjwa, siku baada ya siku, akingoja. Alhamisi mnara ukawaka kidogo. Akawatuma wote kwa mkupuo, ripoti moja, ndefu. Mjumbe akajibu. Zamani hakuwa anajibu chochote, anakufa tu. Safari hii alijibu — kwa Kiingereza, namba na maneno mawili. Mwanahawa akaona amejibiwa. Akashukuru, akafunga kompyuta ili kulinda betri, akawaambia watu dripu zinakuja.

Maneno mawili yale nimeyaweka mimi. Maana yake: kubwa mno.

Kikomo changu kimekataa Mahurunga nzima.

Dripu ziliwaishia Jumamosi. Jumapili asubuhi kafariki kijana anaitwa Zuberi. Mwanahawa alilitaja jina mara mbili, nadhani alitaka niliandike. Nimeliandika.

Jumanne, 17 Februari 2009

Nimekwenda na gari la dawa. Daktari hakutaka — ati kazi yangu ni kompyuta. Nilipanda tu.

Ukishapita Mtawanya lami inaisha, kinachofuata ni tope. Mara mbili tulishuka kusukuma. Dereva hakuniuliza nafuata nini. Mikorosho imelowa, mihogo imelala chini kwa maji. Kufika Mahurunga unasikia harufu ya klorini kabla ya kuona zahanati.

Wamefunga turubai nje, wagonjwa wamelala juu ya mikeka na vitanda vilivyotobolewa katikati, ndoo chini. Hakuna kelele. Nilitegemea kelele. Watu hawana maji mwilini ya kulilia.

Mwanahawa ni mwanamke mfupi, amenizidi umri, ushungi kaufunga nyuma ili asiuchafue. Miaka miwili tunaongea kwenye simu, sikuwahi kumwona. Hakunisalimu kwa maneno mengi. Alichukua katoni ya kwanza garini akaingia nayo ndani, na kwa saa nyingi hakuna kilichosemwa ila shika hapa, lete ile, nawa kwanza. Nilinawa mpaka mikono ikachubuka.

Mchana tukakaa nyuma ya zahanati, kwenye benchi. Nikamwambia. Sikupamba. Nikasema programu ilikuwa na kasoro, haikuwa na kikomo, ikawa inakufa, nikaweka kikomo, ripoti yako ilizidi, ikatupwa.

Akauliza, "Kwa hiyo mashine ilinikatalia?"

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye uliyeiambia ikatae."

"Ndiyo, dada. Lakini sikujua kama—"

"Usingeweka, ingekuwaje?"

Nikasema ingekufa, na ripoti ya Mahurunga isingefika vilevile, na ya Madimba isingefika.

"Ingekufa, mngejua imekufa," akasema. "Mngepiga simu. Mngetuma mtu na pikipiki. Hii haikufa. Hii ilinyamaza, mkadhani sisi wazima."

Tangu mchana natafuta jibu la kumpa.

Wakati tunaondoka akaja mama mtu mzima, kanga nyeusi. Bi Tatu, mama yake Zuberi. Hakujua mimi ni nani zaidi ya kuwa nimekuja na dawa. Alinishika mikono miwili akanishukuru. Akasema mwanawe alikuwa kwenye kibanda cha mpunga, analinda viboko wasile, akanywa maji ya mtoni. "Ntoto wangu hakuwa nvivu," akaniambia. Kama vile mimi ndiye niliyedai alikuwa mvivu. Nikasema pole, mama. Nikasema pole tena. Mwanahawa alikuwa amesimama nyuma yake, ananitazama. Angeweza kumwambia.

Nimerudi na tope mpaka magotini. Lukasi kanichemshia maji ya kuoga. Sikumsimulia.

Ijumaa, 20 Februari 2009

Siku tatu nimefanya kazi bila kuinua kichwa.

Kikomo nimekibakiza — lazima kiwepo. Lakini sasa ripoti ndefu Mjumbe anaikata vipande mwenyewe kulekule zahanati, anatuma kimoja kimoja, kila kinachofika anakiweka kwenye diski, hakibebi kichwani. Akikataa kitu, kioo kizima kinakuwa chekundu, na Kiswahili: HAIJAFIKA. PIGA SIMU MTWARA. Na huku kwetu, kituo kikinyamaza siku moja hakiandikwi sifuri tena. Kinaandikwa: hatujui.

Nimemtumia Mwanahawa aijaribu. Kajibu kwa meseji: "Nyekundu nimeiona. Hata mwenye usingizi ataiona."

Nimemtumia Fredi kila kitu, mstari kwa mstari. Nikamwandikia na habari ya Zuberi. Nikamwomba awaandikie wote waliochukua Mjumbe, pamoja na Malawi: kuna shimo hapa, na hivi ndivyo linavyozibwa.

Kajibu kwa sentensi moja. Pole sana, tutaiangalia baada ya uzinduzi.

Jumatano, 25 Februari 2009

Lindi na Songea wameunganishwa leo kwa majaribio. Toleo la zamani. Nimejua vipi? Nimeomba ukurasa wao wa mtandaoni kama mtu mwingine yeyote, ukanifungukia, na namba ya toleo imeandikwa chini. Uko wazi kwa dunia nzima. Sikuujaribu na sifuri. Vidole viliniwasha lakini sikuujaribu.

Nimemwambia Daktari Kasiani kwamba Fredi asipowatangazia watumiaji, nitatangaza mimi, kwenye lile jukwaa la mtandaoni la watengeneza programu. Akavua miwani. Yeye ni mtu mwema, hilo nalijua. Akasema ukitangaza, si utakuwa umewafundisha wabaya namna ya kuangusha zahanati zote? Swali zuri, nimelala nalo siku nyingi. Nikamjibu kwamba mbaya mkubwa ni mvua na mvua haisomi majukwaa. Akatabasamu, kidogo tu. Kisha akasema mkataba wa mradi unakwisha mwaka huu, wafadhili wanakuja kwenye uzinduzi, na yeye ana watoto shuleni.

Nikarudi mezani kwangu. Nimeandika tangazo. Sijalituma. Limekaa tu pale, nalisoma, nafuta neno, narudisha.

Ijumaa, 6 Machi 2009

Lindi imeanguka. Mvua kubwa, mafuriko, manesi wote wametuma kwa pamoja. Fredi kanipigia mwenyewe. "Raheli, ulibadilisha wapi hasa?"

Nimeshakutumia, Fredi. Wiki mbili.

Hakuwa ameusoma ule ujumbe mpaka mwisho. Tulikaa kwenye simu mchana mzima, mimi nasoma, yeye anaandika. Alikuwa msikivu, kama enzi za chuo tukifanya mazoezi pamoja. Lindi ikasimama. Akashusha pumzi, akasema ahsante, kweli ahsante.

Nikamuuliza: Songea je? Na Malawi?

Akasema Songea atairekebisha taratibu, wasijue. Malawi hana hata anwani zao. Kusema kuna shimo kabla ya uzinduzi ni kujichinja. Nikasema basi baada ya uzinduzi. Akasema ndiyo, baada. Ilikuwa ndiyo ya mtu anayetaka kukata simu.

Nimechoka. Siyo usingizi. Kuna uchovu ambao ukilala unaamka nao.

Jumatano, 11 Machi 2009

Naandika nimekaa kwenye ngazi za nyuma za ukumbi wa uzinduzi. Mapumziko ya chai. Ndani kuna maua ya plastiki, kitambaa cha bluu mezani, mgeni rasmi, wafadhili, wakuu wa idara. Fredi amevaa suti. Ameonyesha ramani, nukta za kijani zinawaka Mtwara, Lindi, Songea. Watu wamepiga makofi.

Mwanahawa yupo. Waliomba nesi mmoja wa kijijini aje atoe ushuhuda, Daktari akamchagua yeye — ni mzungumzaji mzuri, alisema. Kapanda lori la mpunga kutoka Mahurunga.

Mgeni rasmi ni mtu wa kuuliza. Akauliza, je, mfumo huu una matatizo yoyote? Tuambiwe ukweli, kabla hatujaupeleka mikoa mingine. Fredi akasema changamoto ndogondogo za mtandao, mheshimiwa, zimeshashughulikiwa. Daktari Kasiani alikuwa anakunja na kukunjua karatasi ya ratiba. Mimi nilitazama viatu vyangu. Naam. Viatu.

Ndipo wakamgeukia Mwanahawa. Nesi, wewe unautumia, unasemaje? Akasimama. Akarekebisha ushungi. Akasema, "Mheshimiwa, mimi najua kuwaandika wagonjwa. Kilichotokea Februari anakijua dada Raheli. Muulizeni yeye." Akakaa.

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Mshereheshaji akawahi kutangaza chai.

Fredi kanifuata hapa nje. Hakufoka. Alisema, "Raheli, ukilisema langu, watauliza na lako. Kikomo kilichoikataa Mahurunga nilikiweka mimi?" Nikasema hapana. "Uliomba ruhusa ya mtu?" Hapana. Akasema atafanya yote, ataziba Songea, atawatafuta hata Malawi, nimpe tu leo ipite. Nadhani hata anamaanisha. Leo anamaanisha. Kisha akaniwekea mkono begani, akaingia ndani.

Kasema kweli. Kasoro yake haikumuua mtu ninayemjua kwa jina. Yangu imemuua. Nikisimama mle ndani na kusema programu haikuwa na kikomo, sentensi inayofuata lazima iwe ya kwangu. Hakuna namna ya kuzitenganisha. Na nikinyamaza — Songea mvua zao zinaendelea hadi Aprili.

Kazi hii nitaipoteza. Labda na zaidi ya kazi. Lukasi nitamwambia nini? Sijui. Atamenya muhogo.

Mwanahawa katokea mlangoni. "Chai imekwisha. Wanakaa." Hakuniuliza nimeamua nini. Nikamuuliza mimi: Bi Tatu anajua? Akasema bado. "Alitaka kuja nami leo. Nikamwambia lori limejaa." Akatazama uwanja, magari ya wakubwa yamepangwa kwenye jua. "Halikuwa limejaa."

Nasikia viti vinasogezwa. Mshereheshaji anapuliza kipaza sauti. Wanamwita Bi Raheli Mgaya, mtaalamu wa kompyuta, aje mbele. Mwanahawa ameuzuia mlango kwa mguu usijifunge, ananingoja.

Neno la kwanza ninalo. Zuberi. La pili sijui —